Kula bata kwa nauli ya daladala

Joto la Dar es Salaam halina huruma na tarehe za mshahara. Pepo za kaskazi huanza kukolea Desemba, watu wakiwa bado na vijisenti vya sikukuu, lakini makali yenyewe huja Januari na Februari, mifuko ikiwa imeshakaushwa na sare za shule, madaftari, kodi ya nyumba ya miezi sita na nauli za waliokwenda Moshi kuhesabiwa. Feni inasukuma hewa ya moto kutoka kona hadi kona, shuka linanata mgongoni, watoto wanahamia sakafuni. Jumamosi ikiingia, simu zinajaa picha za watu walioko kisiwani Mbudya na kando ya mabwawa ya hoteli, wamevaa miwani mipya, na kila kundi la WhatsApp linauliza swali lile lile: wikendi hii tunakula bata wapi?

Nabishana na fikra iliyojificha ndani ya swali hilo, kwamba wikendi ya msimu wa joto ni ya kununuliwa, na asiye na pesa abaki ndani na feni yake. Mkoa huu ulikuwa na watu 5,383,728 kwa hesabu ya sensa ya mwaka 2022, na walio wengi kati yao hawajawahi kulipia kiti cha kulalia ufukweni. Hata hivyo wanajua kustarehe. Wanajua bahari inajaa saa ngapi, ukwaju unalowekwa vipi, na gauni la pamba linapatikana kwenye meza ipi ya mitumba. Ujuzi wa namna hiyo unafanya kazi kubwa ambayo tumezoea kuiachia pesa. Upo mpaka ambao ujuzi hauvuki, na huo ndio utakaonifanya niwageukie wakubwa wa mji mwishoni mwa makala haya. Kwanza tutoke.

Mwezi kwanza, nauli baadaye

Bahari ndiyo starehe kubwa ya bure tuliyo nayo, na wengi tunaiendea bila kuiuliza habari zake. Mtu anakwenda ufukwe wa Coco siku yoyote na saa yoyote, anakuta maji yamekimbia na kuacha mawe na majani, anarudi akisema ufukwe hauna lolote. Mtu wa pwani hutazama mwezi kwanza. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, huwa ni bamvua: maji hutoka mbali sana, kisha hurudi kwa wingi. Katika mwambao wetu, siku za bamvua maji hujaa mnamo saa kumi, alfajiri na alasiri, na hutoka mnamo saa nne. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu, bahari haiendi mbali wala hairudi kwa kishindo.

Kwa mpanga wikendi, elimu hiyo ni ramani kamili. Jumamosi ya bamvua, asubuhi ni ya kutembea kwenye mawe na watoto, mkitazama kaa na viti vya pweza kwenye vidimbwi. Alasiri ni ya kuoga, mtu mzima akiwa ndani ya maji pamoja na watoto, kwa sababu maji yakijaa mawe yanafichika na mawimbi yanapata nguvu. Na ikiwa ni mwezi mpevu, msikimbilie daladala ya saa kumi na mbili. Coco inatazama mashariki, kwa hiyo jua likizama mgongoni mwenu, mwezi unachomoza mbele yenu kutoka baharini. Meneja wa hoteli hawezi kukutoza kwa hilo.

Anayetaka machweo avuke Magogoni. Nauli ya mtembea kwa miguu kwenye pantoni bado inahesabika kwa mamia ya shilingi, na ndani ya dakika chache umetoka kwenye honi za mjini ukaingia Kigamboni. Januari jua hushuka baada ya saa kumi na mbili na nusu, na kutoka ng'ambo ile unaliona likiingia upande wa bandari, nyuma ya meli na winchi. Tangu Daraja la Nyerere lifunguliwe mwaka 2016, wenye magari wengi wamehamia huko. Wanawahi kufika, lakini wanakosa upepo wa pantoni, ambao kwa mtoto wa miaka saba ndiyo safari yenyewe.

Siku ambayo bahari haifai, katikati ya mji kuna matembezi ya nusu siku yanayogharimu viatu tu. Shuka Posta asubuhi kabla jua halijakaza, anzia Mnara wa Askari. Ulisimikwa mwaka 1927 kuwakumbuka askari na wapagazi waliokufa katika Vita vya Kwanza vya Dunia, na maandishi yake yako kwa Kiingereza na kwa Kiswahili, Kiswahili chenyewe kikiwa kwa herufi za Kiarabu na za Kirumi. Maelfu hupita hapo kila siku wakigombania magari, na ni wachache waliowahi kusimama wakasoma. Mpe mtoto kazi ya kukusomea kwa sauti. Kutoka hapo fuata Samora hadi Bustani ya Mimea, iliyoanzishwa na Wajerumani mwaka 1893 kwa ajili ya kujaribia mazao, na ambayo leo imebaki kidogo tu huku majengo yakiwa yameizunguka. Kaeni chini ya miti yake dakika chache, mtaelewa kwa nini nitarudi kwenye habari ya kivuli.

Jirani yake, mtaa wa Shaaban Robert, yapo Makumbusho ya Taifa, yaliyofunguliwa mwaka 1940. Kiingilio cha raia kimewekwa chini sana kuliko cha mgeni, na ndani mtoto anakutana na habari za Zinjanthropus, fuvu ambalo Mary Leakey aliligundua Olduvai mwaka 1959. Watoto wanaolisoma darasani kwa ajili ya mtihani husimama mbele ya habari hizo kwa namna nyingine kabisa wakiwa na mjomba wao aliyewaleta kwa hiari. Mkitoka, shukeni hadi barabara ya ufukweni, ile iliyoitwa Ocean Road kabla ya kupewa jina la Barack Obama mwaka 2013, mkaipita na upepo wake hadi Feri. Soko la samaki likiwa limechangamka, pweza na supu yake vinawasubiri. Wanaoishi upande wa Sinza na Mwenge wanayo Makumbusho ya Kijiji pale Kijitonyama, penye nyumba za asili za makabila mbalimbali, ambako mtoto aliyezaliwa ghorofani anaweza kuinama na kuingia kwenye nyumba ya msonge.

Zipo safari za mbali zaidi, nazo zinataka mpango. Treni ya mwendokasi ilipoanza kubeba abiria kwenda Morogoro mwezi Juni 2024, nauli ya daraja la kawaida ilitangazwa kuwa shilingi 13,000. Watu wazima wanne kwenda na kurudi ni shilingi 104,000, na hizo si pesa za kuchomoa mfukoni Ijumaa usiku. Lakini sisi ni watu wa michango. Tunachangia harusi, kipaimara, kitchen party na send-off, tunaletewa kadi zenye kiwango cha chini na tunalipa kwa simu kabla kamati haijatukumbusha mara ya tatu. Akina mama wanacheza upatu mwaka mzima bila kukosa zamu. Sijaona kwa nini familia tano za mtaa mmoja zisicheze upatu wa wikendi, kila mwezi elfu chache, Februari ikifika wote wakapanda treni alfajiri, wakala machungwa ya Morogoro chini ya Uluguru na kurudi jioni. Tumejifunza kuchangishana kwa ajili ya siku ya mtu mmoja. Kuchangishana kwa ajili ya kupumzika wote pamoja bado tunaona aibu, eti ni anasa.

Kapu la kutoka jikoni

Nauli haimfilisi mtu. Koo na tumbo ndivyo vinavyomfilisi. Familia ikifika ufukweni mikono mitupu, ndani ya saa moja imeshanunua maji, soda, koni, chipsi, tena koni, na baba anaanza kutazama saa kwa sababu nyingine kabisa. Kapu lililofungwa nyumbani ndilo linaloamua kama mtakaa hadi mwezi utoke au mtarudi saa tisa mmenuniana.

Bahati nzuri msimu wenyewe unapika. Huu ni wakati wa embe: dodo, bolibo, sindano, na zile mbichi za kukatwa vipande na kupakwa chumvi na pilipili ya unga, ambazo mtoto huzila huku akilia machozi na kuomba nyingine. Mananasi yapo, matikiti yapo. Embe mbichi zilizozidi zinageuzwa achari, zinaanikwa juani kwa chumvi na manjano, na Machi mvua zikianza wali wako una rafiki.

Barafu ya ukwaju ndiyo mfalme wa kapu. Ukwaju unalowekwa kwenye maji ya vuguvugu hadi ulainike, unafikichwa kwa mkono, unachujwa mara mbili ili nyuzi zisibaki, halafu unatiwa sukari, chumvi ya kuonja tu, tangawizi iliyotwangwa na iliki. Onja ukiwa bado wa maji, na uufanye utamu uzidi kidogo, maana ubaridi hupunguza sukari mdomoni. Maji yawe yaliyochemshwa. Barafu haiui vijidudu, inavihifadhi tu, na mji huu tunaujua kwa kipindupindu. Ukimimina kwenye vikombe vidogo na vijiti badala ya vifuko vya nailoni, utakuwa umewapunguzia watu wa usafi kazi ya Jumatatu. Asiye na friji ana jirani mwenye nalo, yule aliyebandika kikaratasi cha "barafu zipo" getini. Pesa utakayomwachia italipia umeme wa LUKU wa nyumba mbili mbele yako.

Ubuyu nao ni kazi ya nusu saa. Sukari inachemshwa na maji kidogo hadi iwe shira inayovutika, inatiwa rangi kwa anayeipenda, iliki, vanila na pilipili manga, kisha ubuyu unamwagwa ndani na kugeuzwa bila kupumzika mpaka kila punje ivae koti lake na kukauka. Kashata za nazi zinataka uvumilivu wa mwisho: nazi iliyokunwa, sukari na iliki vikishikana na kuanza kuachana na sufuria, vimwage kwenye sinia lililopakwa mafuta na uvikate papo hapo, maana ukichelewa utakata kwa nyundo. Mihogo ichemshwe nyumbani kwa chumvi, ikaangwe nusu, imaliziwe ufukweni kwa mwenye karai, ambaye kwa bei ndogo atakupa na kachumbari yake ya pilipili na ndimu. Chupa kubwa ya juisi ya rozela au mabungo inafunga hesabu.

Sasa niseme lile ambalo makala za mapishi hulikwepa. Nani anakuna nazi? Katika nyumba nyingi za mji huu, wikendi ya familia ni siku ya kazi ya mama na binti. Wanaamka saa kumi na moja kukaanga visheti, wanabeba kapu, wanagawa sahani ufukweni, wanarudi kuosha vyombo, halafu wote tunasema tumepumzika. Vya nyumbani vikiwa rahisi kwa sababu kuna mtu ambaye saa zake hazihesabiwi, basi hatujabana matumizi, tumemhamishia bili. Vijana wa kiume wana mikono ya kukuna nazi na kugeuza ubuyu, na baba anayejua kuchagua nyama choma baa hawezi kushindwa kuchuja ukwaju. Ijumaa usiku kazi igawanywe kwa majina. Na wikendi ambayo mama amechoka, kapu linunuliwe kwa mama ntilie na muuza kashata wa mtaani, bila mtu kunung'unika kwamba vya dukani havina ladha.

Nguo ya jua

Tumeshaamua pa kwenda na cha kula. Limebaki kabati, na hapo ndipo vijana wengi wanapokata tamaa ya kutoka, kwa sababu nguo iliyokwisha kupigwa picha wanaiona imekufa.

Karume, pale Ilala, ndilo darasa. Soko hili liliungua Januari 2022, wafanyabiashara wakapoteza mitaji kwa usiku mmoja, na bado likarudi. Asubuhi ni ya wenye jicho: robota likikatwa kamba, wanunuzi wa jumla na wenye maduka huchagua kwanza, kwa bei ya juu. Jioni ni ya wenye subira: yaliyobaki yanamwagwa kwenye turubai na sauti zinaanza, jero jero, buku buku, na gauni lililokuwa elfu nane saa nne linaweza kuwa lako kwa robo ya bei hiyo saa kumi na moja. Siku hizi zipo pia akaunti za Instagram zinazouza mitumba ile ile ikiwa imepigwa pasi, ikavalishwa msichana mrefu na kupewa jina la kigeni. Siwalaumu, macho yao na muda wao vina thamani. Ila mnunuzi ajue analipia nini.

Kwa joto hili, kitambaa kinakuja kabla ya mtindo. Pamba na kitani vinanyonya jasho na kuliacha likauke, polista inakufungia mvuke ndani ya nguo. Lebo ikiwa imekatwa, kunja kitambaa kwenye ngumi: kitani kinajikunja na kubaki hivyo, pamba inajikunja kiasi, polista inafunguka kana kwamba hujaigusa. Kisha kagua kwapa, kola, zipu na mshono wa mapaja, kwa kuwa nguo huchokea huko. Inua kitambaa kwenye jua uone kama kimelika. Madoa ya jasho la zamani huwa hayatoki, usijidanganye. Nyumbani, loweka kwenye maji ya moto yenye sabuni, suuza, anika juani na piga pasi kali kabla hujavaa. Nguo za ndani ziache kabisa. Shirika la Viwango Tanzania limepiga marufuku kuingizwa kwa nguo za ndani za mitumba, na sababu za kiafya hazihitaji maelezo.

Nusu ya pili ya kazi iko kwa fundi. Shati kubwa la kiume la kitani, lililoachwa na kila mtu kwa sababu ya ukubwa, linakatwa kola, linatiwa lastiki kiunoni na kuwa gauni la ufukweni. Suruali iliyochanika magotini inakuwa pensi. Doti moja ya khanga inatoa blauzi na sketi ya kufunga, na mabaki yanakuwa kilemba cha mtoto. Dera na kijora, ambavyo dada zetu wengine wameviachia nyumbani na mitaani kwa mama, vinalifaa jua hili hasa: vipana, vyepesi, vinapitisha upepo kutoka pande zote. Ukivaa kimojawapo na mkanda na kandambili nzuri za ngozi, humuonei wivu mtu wa miwani mipya.

Najua pingamizi lililopo, na ni zito. Wapo wanaosema mitumba ndiyo iliyoviua viwanda vyetu, na ushahidi wao hauko mbali: kiwanda cha Urafiki pale Ubungo, kilichojengwa kwa msaada wa China na kuanza mwaka 1968, kilivisha nchi nzima khanga na vitenge kabla ya kudorora. Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Afrika Mashariki walikubaliana kuziondoa nguo za mitumba hatua kwa hatua ifikapo 2019. Marekani ikatishia kuziondolea nchi hizo nafasi ya kuuza nguo kwake bila ushuru chini ya mpango wa AGOA. Tanzania, Kenya na Uganda zikalegeza msimamo. Rwanda ilikataa, ikashikilia ushuru wake mpya wa dola 2.50 kwa kilo, na mwaka 2018 ikafungiwa fursa ya nguo katika mpango huo.

Somo ninaloliona hapo ni kwamba vita vya viwanda haviwezi kupiganwa na dada wa Mbagala anayetafuta gauni la elfu mbili. Sehemu kubwa ya pamba ya Simiyu, Shinyanga na Mwanza inaondoka nchini ikiwa ghafi, na hilo halikuamuliwa Karume. Mnunuzi ana uwezo mdogo lakini wa kweli: anunue mtumba kwa ajili ya kuvaa miaka, na kile alichookoa akigawe kati ya fundi wa mtaani na khanga au kitenge kilichofumwa hapa. Anayenunua nguo mpya za bei chee kila mwezi ili asirudie picha anaupa uchumi wetu kidogo kuliko huyo, na pia analitupia dampo la Pugu Kinyamwezi mzigo. Kurudia nguo kuwe kawaida. Mwenye nguo tatu zinazomkaa vizuri amevaa kuliko mwenye kabati lililojaa zinazombana.

Kivuli hakishonwi wala hakipikwi

Mpaka hapa nimeeleza yaliyo mikononi mwetu. Familia inayojua mwezi, jiko na soko inaweza kuipita Januari na Februari ikiwa na furaha halali. Lakini ikishafika huko nje inahitaji vitu vitatu ambavyo haiwezi kuvitoa kwenye kapu: kivuli, choo na maji ya kunywa. Na katika mji huu, mahali ambapo mtu anavipata vyote vitatu bila kuulizwa ni ndani ya maduka makubwa yenye viyoyozi. Ndiyo maana Jumapili mchana familia nzima huvaa ikaenda Mlimani City kuzunguka bila kununua kitu. Tumezoea kuwacheka, eti wanakwenda kushangaa. Wenzetu wana akili timamu. Wameangalia mji mzima wakaona ni mfanyabiashara tu ndiye aliyekumbuka kwamba binadamu husikia joto na hubanwa na haja.

Maeneo ya wazi yaliyochorwa kwenye ramani za mipango miji yanageuka gereji, maegesho na fremu za maduka. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu au zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka ufukweni, lakini ukitembea kwa miguu kutoka Msasani kuelekea Kunduchi utakutana na kuta nyingi zilizosogea majini. Kila ukuta kama huo unapandisha bei ya wikendi ya maskini, kwa sababu unambana kwenye vipande vichache vilivyobaki, na vipande vikibanana vinachafuka, na vikichafuka anatokea mtu wa kusema afadhali apewe mwekezaji.

Mfano wa kufanya vizuri hatuendi kuutafuta Ulaya. Zanzibar waliikarabati bustani ya Forodhani na kuifungua tena mwaka 2009, na tangu hapo mwenyeji na mgeni wanakaa kwenye ukuta mmoja, huyu na urojo wake, yule na juisi ya miwa, hakuna aliyelipa kiingilio. Mombasa walitengeneza upya ufukwe wa Mama Ngina mwaka 2019, na wauza mihogo na madafu waliokuwa sifa ya mahali hapo ni sehemu ya uzuri wake. Miji yote miwili ni ya Waswahili wenzetu, ina jua lile lile na bahari ile ile. Iliamua tu kwamba mwananchi kukaa mahali pazuri bila kununua kitu ni huduma, kama ilivyo maji na barabara.

Nasi tuna wajibu wetu. Anayetaka choo cha umma asikojoe ukutani, na chupa iliyobebwa imejaa haishindwi kurudi nyumbani ikiwa tupu. Jumatatu asubuhi Coco hutoa ushahidi dhidi yetu, na ushahidi huo ndio silaha ya kwanza ya anayetaka kutuwekea geti. Mfuko mmoja wa taka ndani ya kapu ni hoja nzito kuliko makala kama haya.

Baada ya hapo, kazi inabaki kwa halmashauri katika wilaya zetu tano: Ilala, Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni. Haziombwi miujiza. Miche ya mikungu na mivinje iliyopandwa mwaka huu itatoa kivuli kabla mtoto wa chekechea hajamaliza shule ya msingi. Choo cha kulipia kwa sarafu, kinachosafishwa na kikundi cha vijana wenye mkataba, kinajiendesha. Bomba la maji, mabenchi ya zege, taa mbili tatu ili akina mama waweze kukaa hadi saa mbili usiku bila hofu, na nafasi zilizochorwa vizuri kwa wauza mihogo ili wasifukuzwe kila kiongozi anapopita.

Mabaraza ya madiwani hujadili makisio ya bajeti katika miezi hii hii ya mwanzo wa mwaka, na mikutano yao mwananchi anaruhusiwa kuhudhuria. Muulize diwani wako swali moja lenye jibu la tarakimu: katika bajeti itakayoanza Julai, kata yetu imetengewa shilingi ngapi kwa ajili ya bustani, vyoo vya umma na miti? Akikujibu kwamba fedha hakuna, muulize la pili: kiwanja cha wazi kilichopo kwenye ramani ya kata kiko wapi, na nani anakusanya kodi ya fremu zilizojengwa juu yake?